Mwaka Niliojifunza Kuamia Ndege

Simu ya kunijulisha kifo cha Mama Pelagie ilinikuta Manono, nikiwa mlangoni mwa shule ninayoiongoza, nikiagana na walimu wa zamu ya asubuhi. Aliyepiga alikuwa binti yake. Hakusema mengi: mama amepumzika, mazishi ni Kalemie, ukiweza njoo. Safari ya Manono hadi Kalemie juu ya moto, yaani pikipiki, si ya mtu wa umri wangu; barabara inakutingisha mpaka machozi yenyewe yanakosa nafasi ya kutoka. Nilifika nimepakwa vumbi kama mtu aliyechimbuliwa, nikaelekezwa uani, wanawake walikokuwa wanapika. Palikuwa na moshi, masufuria makubwa ya sombe la majani ya mihogo, harufu ya mawese yanayochemka, na yale mazungumzo ya chini ya matangani ambayo si kilio wala si kicheko. Mwanamke mmoja mzee aliyekuwa anasonga bukari aliinua macho, akanitazama kwa muda, kisha akawaambia wenzake, "Huyu njo Mademoiselle." Ndiye mimi, ila nina wajukuu, si msichana wa kuitwa hivyo. Hakuna mtu aliyekuwa ameniita jina hilo tangu ujana wangu, na hapo ndipo nilipomtambua Mama Astrida, mkulima wa kijiji nilichoanzia kazi, kwa sauti kabla ya sura. Tulikumbatiana, mwiko bado mkononi mwake, unga ukinidondokea begani, tukalia wote wawili kwa ajili ya mwanamke mmoja ambaye kila mmoja wetu alimpenda kwa namna yake.

Mwaka nilioitwa Mademoiselle nilikuwa na umri wa miaka ishirini na diploma ambayo wino wake haujakauka. Ya wazazi wangu na ya nyumbani kwetu nayaacha. Hayakuwa na sehemu katika mwaka huo. Nilipelekwa kufundisha darasa la pili Kisonge, kijiji kilicho kando ya Lukuga, pale ambapo mto, baada ya kutoka ziwani kwa haraka, unapoteza mwendo na kutawanyika ndani ya matete. Mama Pelagie alikuwa mkuu wa shule na mwalimu wa darasa la sita. Alikuwa mjane, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kubeba, na kwa kuwa hapakuwa na nyumba ya mwalimu mgeni, alinichukua kwake. Nyumba ilikuwa ya matofali, vyumba viwili na sebule, na ukuta kati ya chumba changu na sebule haukufika juu. Matofali yaliisha mume wake alipougua, na baada ya kifo chake mama huyo hakuona sababu ya kuumaliza. Kwa hiyo nilisikia kila kitu katika nyumba ile: redio ikitafuta stesheni, kiti kikivutwa, Mama Pelagie akisali kwa sauti ya mtu anayekumbusha deni. Asubuhi tulikunywa chai na mihogo ya kuchemsha. Jioni ilikuwa bukari na samaki wadogo wa ndagala waliokaangwa na pilipili, na tulipokula alinisahihisha Kifaransa changu bila kuinua uso kutoka kwenye sahani. Mwanzoni nilimwogopa. Nilidhani mtu anayekula haraka namna ile hana nafasi ya kupenda kitu chochote.

Jumapili yangu ya kwanza, baada ya ibada, aliniambia nivue viatu vizuri nivae vya plastiki. Sikuuliza. Tulishuka hadi mtoni, akavuta mtumbwi mdogo uliokuwa umefichwa chini ya matete, akaniketisha mbele, akasukuma kwa pondo bila kulowesha nguo yake. Tulipita katika njia nyembamba ambapo matete yaligusana juu ya vichwa vyetu, mwanga ukawa wa kijani, halafu ghafla matete yakafunguka na tukawa mbele ya maji mapana yaliyotulia, yaliyojaa yungiyungi, na katikati kundi la miti mifupi iliyokuwa myeupe. Nilidhani ni maua. Kisha maua yakasogea. Walikuwa yangeyange, wengi kuliko nilivyowahi kufikiri kwamba ndege wa aina moja wanaweza kuwa mahali pamoja, na juu yao, kwenye matawi makubwa zaidi, walisimama korongo weusi ambao mdomo wao haufungiki vizuri katikati, kama koleo lililopinda. Nilitaka kusema kitu. Mama Pelagie aliniwekea mkono kwenye goti, basi. Tukakaa. Ndege mmoja mwenye vidole virefu ajabu alitembea juu ya majani ya yungiyungi kama mtu anayevuka sebule ya wenyewe. Mwari wawili waliogelea pamoja, wakaingiza vichwa majini kwa wakati mmoja, wakavitoa kwa wakati mmoja, maji yakivuja kwenye mifuko ya midomo yao. Korongo mmoja alirudi na konokono, akamtoa ndani ya gamba lake kwa utaratibu wa mama anayemenya ndizi, na makinda matatu yakapanda juu ya mgongo wake yakigombania. Nilimtazama Mama Pelagie. Uso ule ambao darasa la sita lote liliuogopa ulikuwa umelegea, mdomo wazi kidogo. Alikuwa amesahau kwamba nipo.

Tuliporudi ndipo alinieleza. Mume wake, aliyekuwa mvuvi kabla ya kuwa katekista, ndiye aliyempeleka mara ya kwanza walipokuwa wachumba. "Wengine walipelekwa mjini kunywa limonade," alisema. "Miye nililetwa kuona korongo anakula konokono. Nilikasirika mpaka tukafika." Baadaye wote wawili walikwenda kwa chifu kuomba kona ile ya mto ipumzike: kusiwe na wavu, mtego wala moto, tangu ndege wanapoanza kujenga hadi makinda yanaporuka. Chifu alikubali kwa sababu samaki pia huzaa mle, na kwa sababu, Mama Pelagie alisema, mume wake alikuwa mtu ambaye ni vigumu kumkatalia. Hapakuwa na bango wala mlinzi. Palikuwa na neno la chifu, na baada ya mume kufariki, palikuwa na Mama Pelagie. Watu waliita pale Kona, na kila Jumapili ya mwaka ule, mvua isipotuzuia, tulikwenda. Siku hizi ninapoona watu wakitembelea hifadhi huku wameinua simu zao, siwacheki, kila mtu ana namna yake ya kushika kitu asichotaka kimtoke. Lakini mimi nilifundishwa kutazama na mtu ambaye hakushika chochote. Aliweka mikono mapajani, viganja juu, kama aliye kanisani akingoja zamu yake.

Karibu na mwisho wa masika mpunga ulianza kubadili rangi. Mashamba ya Kisonge yalikuwa kwenye tope kati ya kijiji na matete, na mpunga ndio uliolisha kijiji, ukanunua sabuni, ukalipa minerval, ada ya shule ya watoto. Pamoja na rangi ya mpunga wakaja ndege wengine, wadogo, wa kahawia, wale wanaoitwa kwelea. Mmoja wao hana uzito wa kijiko. Wakija kundi zima, unasikia upepo kabla ya kuwaona, na shamba walilokaa asubuhi ukilipita mchana ni mabua. Usiku walilala ndani ya matete, nyuma ya Kona. Jioni moja nilikuwa nimejilaza chumbani nikasikia sauti ya mwanamume sebuleni. Alikuwa Papa Ferdinand, mume wa Mama Astrida, mkubwa wa wakulima, mtu mzito, mpole wa maneno, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akifoka. Alizungumza taratibu.

"Mama Mwalimu, tumekaa, tumesema. Matete yamekauka kule juu. Tutayachoma Jumamosi, hao ndege wakose pa kulala."

"Matete yanashikana na Kona, Papa Ferdinand. Moto hausomi mipaka."

"Najua."

"Makinda ya safari hii hayajaruka. Korongo atawaka pamoja na kiota."

Nilisikia kiti kikilalamika chini ya uzito wake. "Miye sikatai ndege zako," alisema. "Ni nzuri. Marehemu bwana yako alikuwa rafiki yangu. Lakini uzuri hauingie mu chungu, Mama. Mwaka jana nilivuna nusu. Mutoto wangu mukubwa alirudishwa nyumbani, wewe mwenyewe njo ulimurudisha, kwa sababu minerval haikupatikana."

Nilingoja Mama Pelagie amjibu. Alipojibu, sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida. "Ni kweli. Nilimurudisha, na sikulala." Halafu akasema, "Nipe mpaka mavuno. Nitaamia."

"Utaamia nini?"

"Mashamba yenu. Nitawafukuza ndege asubuhi kabla ya masomo na mchana baada ya masomo. Njo saa wanazokula."

"Peke yako? Mashamba yote hayo?"

"Tuko wawili. Mademoiselle yuko hapo nyuma ya ukuta, anatusikia."

Nilifunika uso kwa shuka. Papa Ferdinand alicheka kidogo, bila kutaka. Kisha akauliza swali ambalo nalikumbuka vizuri kuliko yote: "Na shamba lako?" Kwa sababu Mama Pelagie naye alikuwa na shamba, la mwisho kabisa, linalopakana na matete, na kwa mshahara wa mwalimu wa wakati ule, ambao mara ulikuja na mara haukuja, shamba hilo ndilo lililotulisha. "Langu litakuwa la mwisho," alisema. "Wakila mpunga wako, utakuja kuvuna kwangu. Wakila wa wote, uchome." Papa Ferdinand hakusema ndiyo. Alisema tu, "Basi tuone," akavaa kofia, akaondoka.

Hivyo mimi, niliyependa ndege kuliko nilivyowahi kupenda kitu, nikaanza kuwafukuza. Kila asubuhi tulitoka kukiwa bado na ukungu, tukapanda kwenye dungu, jukwaa la miti lililosimama katikati ya mashamba, tukavuta kamba zilizofungwa makopo ya maziwa yenye mawe, tukarusha udongo kwa kombeo, tukapiga kelele. Mikono yangu ilitoka malengelenge, kisha sugu. Sauti yangu ilikauka hata darasani nikawa nafundisha kwa ishara. Nilimshauri tuchukue wanafunzi wa darasa la sita. Alinitazama kama niliyetukana. "Wazazi wanalipa ili watoto wasome, si waniamie." Hata hivyo yeye mwenyewe hakuliacha darasa nyuma. Kwa kuwa alilazimika kupiga kelele, aliona afadhali apige kelele zenye maana, akawa anawanyambulia ndege kitenzi cha kula kwa Kifaransa. "Je mange! Tu manges! Il mange!" ilisikika kutoka mashambani jua likichomoza, na wanawake waliokuwa wanakwenda kuteka maji walisimama njiani wakajishika mbavu. "Mwambie aache kula!" mmoja alimpigia kelele. "Ndiyo somo la kesho," alijibu Mama Pelagie.

Sijui kama ni kicheko hicho ndicho kilichomleta Mama Astrida. Asubuhi moja tulimkuta tayari juu ya dungu, mtoto mgongoni, kamba mkononi. Mama Pelagie alimuuliza kama mume wake anajua. "Anajua kwamba niko shambani," alisema. "Mwanamuke akiwa shambani, nani anamuuliza?" Siku zilizofuata wakaja wengine, si wote, wala si kila siku. Kulikuwa na walioona kwamba mwalimu amepoteza akili tangu bwana yake afe, na walisema hivyo kisimani kwa sauti ya kutosha. Mama Pelagie alipita akiwasalimia kwa majina. Nimefanya kazi na watu wengi tangu hapo, wengine wakubwa, na nimeona wachache wanaoweza kudharauliwa bila kuwadharau wanaowadharau. Wakati ule sikujua kwamba hilo ni jambo gumu, kwa sababu yeye alilifanya kama mtu anayevuka mtaro.

Siku ambayo sitaisahau ilikuwa karibu sana na mavuno. Mashamba mengi yalikuwa yamesimama, mazito, masuke yameinama. Mchana huo tulikuwa wawili tu kwenye dungu la shamba la Papa Ferdinand. Niliusikia ule upepo. Kundi lilitoka kwenye matete likajikunja angani kama shuka linalokung'utwa, likaja juu yetu, tukavuta kamba, tukapiga makopo, tukapiga kelele mpaka nikaonja damu kooni. Kundi likapinda. Likapita juu ya dungu letu, likarudi upande wa matete, likashuka. Lilishuka kwenye shamba la mwisho. Niliona mpunga wa njano ukigeuka kahawia, ukaanza kutikisika, na hata kutoka pale tulisikia mlio wa midomo midogo ikipasua punje, kama mafuta kikaangoni. Niliruka kutoka kwenye dungu. Mama Pelagie alinishika nyuma ya nguo.

"Ukienda kule, wanarudi hapa," alisema.

"Mama, njo shamba letu."

"Naona. Vuta kamba."

Nilivuta kamba nikilia. Yeye hakulia. Alisimama akiangalia chakula chetu cha mwaka kikiliwa, na kila kundi dogo lilipojaribu kurudi kwetu alilifukuza. Papa Ferdinand alikuwa anakuja kwa njia ya tuta, jembe begani. Alisimama. Alitazama shamba lake lililosimama zima, akatazama wanawake wawili juu ya dungu, akatazama shamba la mwisho. Nilimwona akielewa, kwa maana aliliweka jembe chini polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtu. Kisha mtu yule mzito, mkubwa wa wakulima, alivua shati akaanza kukimbia. Alikimbia ndani ya tope, akaanguka, akainuka, akaingia katikati ya shamba la Mama Pelagie akizungusha shati juu ya kichwa na kupiga kelele ambazo sikujua anazo. Ndege waliinuka mbele yake, wakashuka nyuma yake, akageuka, akawafuata tena. Alibaki mle akikimbia huku na huko hadi kundi lote lilipoinuka likaondoka, na hapo alibaki amesimama peke yake kifua wazi, akihema, mabua yamemfika magotini.

Kilichookolewa kwenye shamba lile kilikuwa kidogo. Papa Ferdinand alikileta mwenyewe jioni katika kikapu, akakiweka sebuleni, na safari hii sikusikia mazungumzo kwa sababu hapakuwa na mazungumzo. Alikaa kidogo, akanywa maji, akasema, "Hakuna moto," akaenda. Mavuno yalipoisha, Mama Astrida alikuja na kikapu cha mpunga kichwani, na nyuma yake wengine waliokuja walikuja. Wapo ambao hawakuja, na Mama Pelagie hakuwahi kuwataja. Mwaka uliofuata, niliambiwa, kijiji kilijenga madungu mapya na kugawana zamu, na aliyegawa zamu hizo alikuwa Papa Ferdinand. Mimi sikuwepo. Nilikuwa nimepewa kazi mjini, na asubuhi ya kuondoka, treni ikichelewa kama kawaida yake, Mama Pelagie alinisahihisha kosa moja la mwisho la Kifaransa, akanifunga vizuri kamba ya mzigo, akasema nitakuwa mwalimu mzuri kwa sababu sauti yangu sasa inafika mbali. Niliingia kwenye behewa nikiwa nimeshajua ninataka kuwa mtu wa namna gani. Nimejaribu. Siku nyingine nimeweza.

Baada ya mazishi Mama Astrida alinivuta pembeni akaniuliza kama nina haraka ya kurudi. Asubuhi iliyofuata tulipanda moto mbili hadi Kisonge. Papa Ferdinand alikwisha kufariki. Kaburi lake liko nyuma ya shule, tukasimama hapo kidogo. Ziwa lilipopanda miaka ya hivi karibuni maji yamekula mashamba ya chini, na watu sasa wanalima juu zaidi. Niliogopa kuuliza habari za Kona. Mama Astrida hakungoja niulize. Alikwenda kwa mjukuu wake akaomba mtumbwi, akashuka nao hadi majini, na alipotakiwa kupanda akasimama, ameshika ukingo, anacheka kwa aibu. Hapo ndipo aliponiambia kwamba hajawahi kwenda. Alizaliwa pale, aliolewa pale, aliamia pale mpaka meno yakamtoka, na kila Mama Pelagie alipomwalika alikuwa na nguo za kufua, mtoto wa kunyonyesha, sufuria motoni.

Nilimshika mkono akaingia. Sikuwa na mazoea ya pondo tena, tukagonga matete mara kadhaa, akanicheka. Maji yamepanda, na miti ile mifupi imesimama ndani yake hadi shingoni, mingine imekufa. Lakini ilikuwa myeupe. Korongo walikuwa kwenye matawi ya juu, na kwenye kiota kilichokuwa karibu nasi kinda mmoja alikuwa amesimama ukingoni, akipiga mabawa yasiyo na manyoya ya kutosha, anajaribu, anaogopa, anajaribu. Mama yake alitua na konokono. Mama Astrida aliangalia yote hayo, kitambaa cha msiba bado kichwani. Baada ya muda mrefu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Njo hii tu alikuwa anakuja kuangalia? Miaka yote?"

"Njo hii, Mama."

Kinda akapiga mabawa, akainuka kidogo juu ya kiota, akarudi.

"Alikuwa na haki," alisema Mama Astrida.

Tulikaa pale hadi jua likatuchoma, na hakuna kati yetu aliyetaka kuwa wa kwanza kusema turudi.